Zima Otomatiki: Picha Kali ya Mdudu Inatoka Mkononi Mwako

Nimekuwa kimya hapa kwa muda, kazi ilinibana kweli kweli. Leo sitaandika kuhusu programu, au niseme nitaigusa kidogo tu kule mwishoni. Leo nataka kuandika kuhusu wadudu. Sio wale wa kazini (sisi waandishi wa programu kosa lililojificha ndani ya programu huwa tunaliita mdudu), bali wadudu wa kweli wenye miguu sita, na jinsi ya kuwapiga picha kali. Na nikisema picha kali sina maana ya ile "kali" ya kusifiana mitandaoni. Nina maana ya kali kama wembe, picha ambayo ukiikuza unaweza kuhesabu vipingili vya kipapasio cha mdudu.

Nitoe maoni yangu mapema ili mwenye haraka aende zake: kwa mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, fokasi ya otomatiki ni mzigo. Izime. Kisha acha hata kuizungusha pete ya fokasi kwa mkono. Sogeza mwili wako.

Najua wengine mtacheka. Mtu ambaye riziki yake ni kuzifundisha mashine kufanya kazi za watu, leo anawaambia watu wazime mashine? Ndiyo. Na nina sababu.

Yaliyonikuta Wundanyi

Mama yangu anaishi Wundanyi, kule juu Taita, ambako asubuhi ya Julai unavaa sweta na bado unatetemeka. Nyuma ya nyumba ana matuta ya sukuma wiki. Zingine anapika, zinazobaki anauza sokoni, kwa hivyo hayo matuta si ya kujifurahisha. Mwaka juzi yalivamiwa na vidukari. Kwa asiyewajua, ni wale wadudu wadogo wa kijivu wanaoonekana kama wamepakwa majivu, wanajazana chini ya jani na kufyonza utomvu mpaka jani linajikunja. Mmoja ana urefu wa milimita 2 hivi.

Mimi kama mtoto wa mjini nikatoa simu, nikapiga picha, nikamtumia muuzaji wa agroveti. Picha yenyewe ilikuwa ukungu mtupu, madoa ya kijivu juu ya kijani. Akajibu alivyoweza: hao ni vidukari, pulizia dawa. Tukapulizia. Wakapungua, na baada ya wiki chache wakarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Simlaumu yule muuzaji hata kidogo. Nilimpa ukungu, naye akanipa jibu la ukungu.

Mwaka jana wakaja tena. Safari hii nilipanda matatu Voi, nikapitia Mwatate mpaka nyumbani, nikiwa na kamera kwenye begi: Canon ya mtumba ya pikseli milioni 18, na lenzi ya makro niliyoazima kwa rafiki anayepiga picha za harusi. Mama aliniangalia nimepiga magoti kwenye tope akasema, "Mwanangu, kamera ya kupigia maharusi wewe unaipigia chawa wa sukuma?"

Siku ya kwanza niliacha fokasi ya otomatiki ikiwa imewashwa. Lenzi ikawa inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Katikati ya mahangaiko hayo nikaona kitu cheusi, chembamba, kidogo kama chungu wa sukari lakini kina mabawa, kinatembea juu ya vidukari. Kilisimama mbele ya kidukari mmoja, kikakunja tumbo lake kikalipitisha chini ya miguu yake na kulielekeza mbele, kikachoma mara moja. Nikabonyeza kitufe. Lenzi ikaenda mpaka mwisho, ikarudi. Kile kiumbe kilikuwa kimeshaondoka. Jioni nilipofungua picha kwenye tarakilishi, picha 140, zilizofaa zilikuwa 3. Nilichotaka hakikuwamo.

Kesho yake alfajiri nikasukuma kile kiswichi cha pembeni ya lenzi kutoka AF hadi MF. Nitaeleza hapo chini nilichofanya. Kwa sasa niseme tu nilichokiona. Kati ya vidukari wa kijivu kulikuwa na wengine waliovimba, rangi ya hudhurungi, wakavu kama karanga zilizokaangwa. Na kwenye mgongo wa baadhi yao palikuwa na tundu la duara, safi kana kwamba limetobolewa na fundi. Kwa macho matupu tundu hilo hulioni. Ni dogo kuliko kichwa cha pini.

Hao ni vidukari waliokufa. Kile cheusi nilichokikosa ni nyigu mdogo sana. Kwa vidukari wa sukuma na kabeji, nyigu anayejulikana zaidi kwa kazi hii duniani huitwa kwa jina la kisayansi Diaeretiella rapae. Hutaga yai ndani ya kidukari, kiluwiluwi chake kinamla kwa ndani mpaka anabaki ganda, kisha nyigu mpya anatoboa tundu la duara na kutoka. Kwa maneno mengine, shamba la mama lilikuwa tayari lina askari wake, na ile dawa ya mwaka juzi inaelekea iliwaua na wao.

Nikamwonyesha mama picha. Aliitazama muda mrefu, akauliza, "Kwa hivyo huyu wa kahawia ni kaburi?" Nikamwambia ndiyo. Hatukupulizia. Tulichuma majani yaliyoharibika kabisa, tukaosha mengine kwa maji, na yale yenye makaburi mengi tukayaacha yalivyo. Sitadai kwamba picha moja iliokoa shamba. Mvua na baridi pia zina mambo yao. Ninachodai ni kwamba safari hii tuliamua tukiwa tunaona.

Ndiyo maana suala la ukali wa picha kwangu si la urembo. Chukua mfano mwingine mnaoujua: wale viwavijeshi vamizi kutoka Amerika, ambao waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Kenya 2017, wakala mahindi ya watu. Kiwavi wao akishakua kidogo unamtambua kwa alama ya Y iliyogeuzwa juu chini kwenye kichwa, na madoa manne meusi yaliyojipanga kama kona za mraba karibu na mkia. Picha isiyoonyesha ile Y na yale madoa haimsaidii mkulima wala mtaalamu. Ni kiwavi tu.

Kwa nini otomatiki inashindwa

Sasa tuingie kwenye hesabu kidogo, msikimbie.

Kwenye makro tunazungumzia ukuzaji. Ukuzaji wa mara 1 maana yake mdudu wa milimita 2 anachora taswira ya milimita 2 juu ya sensa ya kamera. Sensa ya kamera yangu ina upana wa milimita 22 na kitu, na pikseli 5,184 kwa upana huo. Piga hesabu: kila milimita ya mdudu inapata pikseli kama 230. Kidukari mzima anapata 460. Si haba.

Tatizo ni kina. Kwenye picha yoyote kuna tabaka la hewa mbele ya lenzi ambalo kila kilichomo ndani yake kinatoka kikali, na kilicho nje kinafifia. Ukipiga picha ya mtu, tabaka hilo linaweza kuwa nene kama mkono mzima. Ukikaribia mdudu linakonda vibaya. Kwa sensa kama yangu, ukiweka tundu la lenzi f/8, unene wa tabaka ni takriban hivi:

Ukuzaji wa nusu: milimita 1.9
Ukuzaji wa mara 1: milimita 0.64
Ukuzaji wa mara 2: milimita 0.24

Soma tena mstari wa mwisho. Robo ya milimita. Karatasi mbili au tatu za kawaida zilizopangwa pamoja.

Sasa fikiria kama mwandishi wa programu. Fokasi ya otomatiki, kwa kifupi, inafanya hivi: inapima mahali ulipoelekeza, inauzungusha mota wa lenzi, inasimama pale inapoona kingo zimekaza. Imejengwa juu ya dhana mbili. Ya kwanza, kwamba wakati mota unazunguka, umbali kati ya kamera na mdudu haubadiliki kuliko unene wa lile tabaka. Ya pili, kwamba kitu chenye kingo zilizokaza ndicho unachokitaka.

Dhana zote mbili ni za uongo hapa. Mtu aliyeinama na kamera mkononi anayumba milimita kadhaa bila kujijua, na jani nalo linacheza kwa upepo. Mpaka mota ufike, mdudu hayupo tena pale ulipompima. Na kitu chenye kingo zilizokaza zaidi mara nyingi ni mshipa wa jani au mguu wa mbele, wala si jicho. Programu haina kosa. Imepewa swali lisilo lake. Ukiuliza swali lisilofaa kwa kasi kubwa unapata jibu lisilofaa kwa kasi kubwa, hilo kila mwenye taaluma yangu anajua.

Na si mimi tu ninayefikiri hivi. Fokasi ya otomatiki iliingia kwa kishindo kwenye kamera za lenzi za kubadilisha mwaka 1985 na Minolta 7000. Miaka 14 baadaye, 1999, Canon walipotoa MP-E 65mm, lenzi ya kukuza kuanzia mara 1 hadi mara 5, hawakuiwekea fokasi ya otomatiki hata kidogo. Kampuni yenye uwezo wote ule! Laowa nao mwaka 2018 wakatoa lenzi yao ya 25mm ya kukuza mara 2.5 hadi 5, nayo ni ya mkono tupu. Hawakusahau. Walijua kwamba kwa ukuzaji huo fokasi unaifanya kwa kusogea.

Ninavyofanya mimi

Haya, sasa mambo ya mikono.

1. Chagua ukubwa kwanza. Weka lenzi kwenye MF, amua unataka mdudu awe mkubwa kiasi gani ndani ya picha, kisha usiiguse tena pete. Ukikaribia namna hii, kuzungusha pete kunabadilisha ukubwa wa mdudu zaidi ya kunavyobadilisha mahali pa ukali. Kuanzia hapo fokasi yako ni kiuno na mabega.

2. Fanya jani na kamera viwe kitu kimoja. Hii ndiyo siri kubwa, na haina gharama. Mkono wa kushoto unashika kikonyo cha jani taratibu, na mbele ya lenzi unailaza juu ya mkono huo huo. Upepo ukivuma, jani, mkono na lenzi vinayumba pamoja. Mimi nilipoanza kufanya hivi picha zilizofaa zilitoka kama 2 kwa mia hadi kama 20 kwa mia. Bado nyingi zinatupwa, lakini zinazobaki zinalipa.

3. Sogea mbele polepole, usitafute. Anza ukiwa nyuma kidogo ya mahali pa ukali. Toa pumzi. Jongea mbele kwa ulaini kama mtu anayeinamia kikombe cha chai ya moto, na bonyeza pale ukali unapopita juu ya jicho. Usisimame ndipo ubonyeze. Bonyeza ukiwa njiani. Rudia mara kumi.

4. Elekeza lile tabaka. Una robo au nusu milimita ya ukali, itumie vizuri. Mdudu ukimpiga kutoka ubavuni, sensa ikiwa sambamba na ubavu wake, utapata kichwa, kifua na tumbo vyote ndani ya tabaka moja. Ukimpiga kutoka mbele utapata macho tu. Yote mawili ni sawa, ila uamue wewe. Kamera haiwezi kukuamulia.

5. Nenda asubuhi. Wadudu hawana joto lao wenyewe kama sisi. Alfajiri ya baridi, kabla jua halijafika kwenye matuta, wengi wao hata kutembea ni shida. Yule nyigu aliyenikimbia saa saba mchana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilimkuta ametulia chini ya jani ana matone ya umande mgongoni.

Mwanga ndio unaogandisha

Wengi wanadhani picha yao imekosa fokasi kumbe imetikisika. Tufanye hesabu nyingine. Jani linalochezeshwa na upepo mdogo linaweza kwenda sentimita 10 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/200 ya sekunde, jani limesogea nusu milimita. Kwa ukuzaji wa mara 1 kwenye kamera yangu hizo ni pikseli zaidi ya 110. Mdudu mzima amekuwa mkwaruzo.

Dawa yake ni flashi. Flashi ya kawaida ya kuchomeka juu ya kamera, ukiipunguza nguvu hadi 1/16 hivi, mwako wake unadumu karibu 1/10,000 ya sekunde. Jani lile lile sasa linasogea milimita 0.01, pikseli 2 tu. Weka ISO 100 au 200 na kasi ya 1/200 ili mwanga wa kawaida usiandike chochote, flashi peke yake ndiyo ipige picha. Sharti moja: mdudu awe kivulini.

Flashi tupu inatoa mwanga mkali unaometa vibaya juu ya migongo ya wadudu, kwa hivyo lazima uulainishe. Zamani tungefunika na mfuko mweupe wa plastiki wa dukani, lakini hiyo mifuko ilipigwa marufuku hapa Kenya Agosti 2017, na hatuidai. Mimi nilikata kibuyu cheupe cha plastiki cha maziwa, nikakiunganisha kwa gundi ya karatasi na kuweka karatasi nyeupe ya kuokea mbele yake. Kinaonekana kama kofia ya mwendawazimu. Mwanga wake ni kama wa siku ya mawingu. Kadiri kinavyomkaribia mdudu ndivyo mwanga unavyolainika.

Mtego wa tundu dogo

Kuna ushauri mnaoupata kila mahali: ukitaka kina zaidi, funga tundu la lenzi hadi f/22. Nauheshimu, lakini kwa makro ni mtego. Unapokaribia, tundu linafanya kazi kama dogo zaidi ya namba iliyoandikwa. Kwa ukuzaji wa mara 1, f/8 inakuwa kama f/16, na f/16 inakuwa kama f/32. Na mwanga ukibanwa kwenye tundu dogo hivyo unasambaa. Nukta inayotakiwa kuwa nukta inakuwa doa. Kwa f/32 ya kweli doa hilo lina kipenyo cha milimita 0.043 hivi, wakati pikseli yangu moja ni milimita 0.0043. Nukta moja imemwagikia pikseli kumi kwa upana! Utapata mdudu mzima akiwa na kina, na mzima akiwa na ukungu.

Mimi sivuki f/11 kwa ukuzaji wa mara 1, na kwa mara 2 narudi f/5.6 au f/8. Bora jicho moja kali kuliko mdudu mzima aliyefifia.

"Lakini siku hizi kuna..."

Najua. Rafiki yangu mwenye lenzi aliniambia hivyo hivyo. Siku hizi kuna kamera zinazotambua wadudu zenyewe: Sony a7R V ya mwaka 2022 ina mpangilio maalumu wa kuwatambua. Nakubali, na kwa kipepeo au kerengende aliyetua hilo ni jambo la kupendeza sana. Nisiwadanganye kwamba otomatiki haifai popote. Lakini kidukari wa milimita 2 si kerengende, na bei ya kamera ile inanunua bodaboda mbili. Mama angenifukuza.

Pia kuna simu zenye kamera ya makro. Zinatoa picha nzuri ukiziangalia kwenye simu yenyewe. Ila kumbukeni programu ya kunoa picha inafanya nini: inatafuta palipo na ukingo na kuongeza tofauti kati ya upande wa giza na upande wa mwanga. Inaufanya ukingo uliopo uonekane zaidi. Tundu la duara ambalo lenzi haikuliandika, programu haiwezi kulirudisha, ikijaribu, inakisia. Kwenye picha ya chakula kisio si kosa kubwa. Kwenye picha itakayoamua kama utapulizia dawa au la, mimi sikitaki.

Na habari njema ni kwamba njia ya mkono ndiyo ya bei nafuu. Lenzi ya rafiki niliirudisha. Sasa natumia lenzi kuukuu ya 50mm, ile yenye pete ya kufungia tundu kwa mkono, pamoja na mirija ya kurefushia. Hiyo ni mirija mitupu isiyo na kioo ndani, kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa tu, nami nililipa chini ya shilingi 2,000. Kanuni yake ni rahisi: gawanya urefu wa mirija kwa urefu wa lenzi. Mirija ya jumla ya milimita 50 kwa lenzi ya milimita 50 ni ukuzaji wa mara 1. Asiye na mirija atafute pete ya kugeuzia lenzi, aifunge ile lenzi yake ya 18-55 nyuma mbele. Ukiwa upande wa 18 utashangaa ukubwa wa mdudu utakaoupata. Mirija hiyo ya bei ya chini haina nyaya za mawasiliano, kwa hivyo fokasi ya otomatiki haiwezi kufanya kazi hata ukitaka. Hasara? Mimi naona wamenisaidia kuamua.

Nafasi ya mashine

Niliahidi kugusa programu. Kuna njia ya kupata mdudu mzima akiwa mkali: unapiga picha tano au kumi mfululizo huku ukijongea, kila moja ina tabaka lake, halafu unaziunganisha. Levon Biss, mpiga picha wa Uingereza aliyeonyesha kazi zake kwenye makumbusho ya viumbe ya Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2016, aliunganisha picha zaidi ya 8,000 kwa kila mdudu, ingawa wake walikuwa wafu wa makumbusho, hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Sisi tunaweza kufanya kwa picha sita za asubuhi. Programu za bure zipo: align_image_stack, inayokuja pamoja na Hugin, inazilinganisha, enfuse inazichanganya. Amri mbili tu, na zinaenda kwenye Linux bila shida.

Sasa tazameni jambo moja lililonifurahisha. Unapoiambia enfuse iunganishe kwa ukali, katika kila eneo inauliza: kati ya picha hizi, ni ipi yenye kingo zilizokaza zaidi? Swali lile lile la fokasi ya otomatiki! Tofauti ni kwamba fokasi ya otomatiki inauliza kabla, kwa haraka, mdudu akiwa anatembea na mpiga picha anayumba. Enfuse inauliza baadaye, mezani, ushahidi wote ukiwa mbele yake. Swali halikuwa baya. Liliulizwa wakati mbaya.

Ndiyo maana sijioni kama msaliti wa taaluma yangu. Mashine ipewe kazi pale inapoweza kuona kila kitu. Pale ambapo kinachohitajika ni kuamua ni kipi kitazamwe (jicho la nyigu, au tundu kwenye mgongo wa kidukari), na kuamua hivyo ndani ya robo ya milimita kwenye baridi ya Taita, hiyo ni kazi ya mtu aliyepiga magoti kwenye tope.

Basi, wikendi hii mwenye kamera asukume kile kiswichi hadi MF, aamke kabla ya jua, aende kwenye sukuma wiki zilizo karibu. Picha mia za kwanza zitakuwa mbaya, nawaambia kabisa. Msizifute kwa hasira kabla ya kuziangalia kwa ukubwa kamili kwenye tarakilishi. Moja kati yake huenda ina tundu ambalo hukujua umeliona. Mkipata makaburi ya kahawia, nileteeni hapa tuyaone.

Mama anawasalimu. Anasema sasa akiona jani limejaa vidukari anavaa miwani kwanza.